Mkono wa Wino, Mkono wa Karatasi

Kila asubuhi Nesta Sichone alinawa mkono mmoja tu, wa kushoto. Alitoka na kopo la maji mpaka kwenye jiwe lililo nyuma ya nyumba yake, pale mtaa wa Mwaka, mjini Tunduma mpakani na Zambia, akachutama, akausugua ule mkono kwa dodoki na sabuni ya kipande: kucha, katikati ya vidole, mpaka karibu na kiwiko, kama mama anayemwandaa mtoto kwenda kubatizwa. Mkono wa kulia uliambulia povu la mwenzake. Huo alishaukatia tamaa. Wino ulikuwa umeingia kwenye mistari ya kiganja siku nyingi, ukahamia humo na vyombo vyake.

"Mama Faith, na huo mwingine unamwachia nani?" jirani angeuliza kutoka ng'ambo ya ua.

"Huo una kazi. Wako una kazi gani?"

Jirani angecheka, lakini kicheko cha kubania. Watu wa Tunduma wanapenda sana kumcheka mtu anayefanya kitu wasichokielewa. Mtu akipitisha gunia la sukari kichakani wanamwita mjanja. Mtu akipaka mpira wa tairi wino ili atoe picha, wanamtazama kama aliyeachiwa na wauguzi kwa bahati mbaya.

Kwa sababu ya mkono huo, Nesta hakumpa mtu kiganja. Alikunja vidole akatoa kifundo cha mkono, kama tunavyofanya wote tukikutwa tunakanda unga au tunapalilia. Waungwana walikishika kifundo wakasalimia vizuri. Wengine, kama yule Efraimu tutakayemfikia, walikishika kwa vidole viwili, kama mtu anayenyanyua mkia wa panya.

Nesta alizaliwa Hasamba, kwenye kahawa na mahindi. Baba yake, mzee Yonathani, alikuwa na magunia yaliyopigwa chapa nyeusi, na yule mtoto badala ya kuchambua kahawa alikuwa akilalia yale magunia kifudifudi, akanyanyuka na herufi shavuni. Alipigwa kwa ajili hiyo, na hakukoma. Alipokua alikwenda Mbeya, akapata kazi kwa bwana mmoja mwenye mashine ya kuchapa kalenda na kadi za harusi. Huko alijifunza wino. Huko pia alichora maua, njiwa, vikombe vya ekaristi, na picha ya mlima yenye mawingu ambayo ilining'inia kwenye sebule za watu, na mpaka leo haijatolewa. Chini ya kila picha liliandikwa jina la bosi. Siku aliyouliza, bosi hata hakukasirika. Ingekuwa afadhali angekasirika.

"Jina lako la nini, Nesta? Picha si ni ile ile?"

Hicho ndicho alichoondoka nacho Mbeya, pamoja na makopo ya wino yaliyobaki nusu na rola moja ya mkono yenye mpira uliochakaa. Alikuja Tunduma akimfuata mume, dereva wa malori. Mume naye akalifuata lori mpaka huko Zambia kwenye migodi ya shaba, akapata nyumba nyingine yenye chakula tayari. Nesta hakumlilia mbele za watu. Faith, binti yao, alipoolewa Itumba, Nesta alibaki na wino.

Sasa, uchapaji wa picha unahitaji kitu kizito cha kugandamiza. Mashine yake ni kubwa na Nesta hakuwa nayo. Lakini Tunduma ina nini kama si uzito? Malori yanasimama njia nzima kuelekea mpakani, pua kwa mkia, yakinguruma. Nesta alikuwa akipita kwa Rabson, fundi wa matairi kwenye barabara ya Mpemba, akaona lori likiingia taratibu uani kubadilishwa tairi. Likakanyaga kipande cha boksi chenye grisi, na kwenye udongo mgumu ukabaki mchoro mweusi, safi, kila jino la tairi limeonekana. Nesta alisimama pale akiutazama mpaka Rabson akadhani ameangusha hereni.

"Mwalimu," alimwita hivyo kwa utani, kabla hajawa mwalimu wa mtu yeyote, "umepoteza nini?"

"Nimepata."

Jumamosi iliyofuata alikuja na kibao cha plaiwudi. Juu yake alikuwa amebandika kwa gundi vipande vya mpira wa ndani wa tairi, nyuzi za viroba, na maganda ya mahindi yaliyokauka. Alikipaka wino kwa rola, akalaza karatasi ya kaki juu, akaweka blanketi kuukuu, akafunika kwa ubao mwingine. Dereva Mzambia aliyekuwa akisubiri alikuna kichwa.

"Bamayo, mama, nipite juu ya hii? Kweli?"

"Eya mukwai," Nesta alimjibu kwa Kibemba, ndiyo bwana. "Pole pole."

Lori likapita. Walipofunua, karatasi ilikuwa na shamba zima la mahindi, na upepo ndani yake. Dereva alipiga mluzi. Rabson akavua kofia, akasema, "Hili limebeba shaba ya Kongo. Likikanyaga hapa, hata dhambi zinachapika."

Ndivyo darasa lilivyoanza. Halikutangazwa. Watu walikuwa wamesimama tu wakisubiri matairi yao, wakapewa kitu cha kushika. Wakaja wapakiaji wa mizigo, wakaja akina mama wanaosukuma baiskeli zenye maroba kuvuka mpaka, wakaja vijana wa bodaboda waliosema wanakuja kuzuga tu, kisha hawakuondoka. Picha zikikauka walizishonea uzi, wakabandika vipande vya vitenge, wakapaka maji ya kahawa zikapata rangi ya udongo. Hakuna aliyeulizwa ameishia darasa la ngapi.

Kulikuwa na utaratibu mmoja, na Nesta hakuwa na mchezo nao. Kazi ile inafanywa na watu wawili. Mmoja anapaka wino, mwingine anashika karatasi, kwa maana mtu yule yule akifanya vyote viwili karatasi inajaa madole. Mmoja aliitwa mkono wa wino, mwingine mkono wa karatasi. Karatasi ikitoka, anayetia jina lake chini kwa penseli ni mkono wa karatasi, kwa sababu ndiye pekee anayeweza kushika penseli bila kuharibu. Halafu Nesta alipaza sauti, "Badili!" Aliyekuwa na wino anafuta mikono kwa kitambaa cha mafuta ya taa, anashika karatasi. Aliyekuwa safi anaingiza mikono kwenye wino. Kibao kinachapwa tena, na safari hii jina ni la mwenzake. Kwa hiyo kila picha ilikuwa na nakala mbili na majina mawili, na hakuna aliyekwenda nyumbani mikono mitupu wala mikono misafi.

Alikuwa amelifikiria hilo kwa ajili ya yule bosi wa Mbeya. Hakumwambia mtu. Lakini kila aliposema "Badili!" sauti yake ilikuwa na kitu cha kumjibu mtu asiyekuwepo.

Aliyekuwa akiingojea zaidi Jumamosi ni Enesi. Enesi alikuwa mmoja wa wale akina mama wa baiskeli, mwembamba, mwenye goti bovu. Alisukuma baiskeli yenye maroba ya wenzake kwa miaka mpaka fremu ikakatika, naye akabaki nayo ukutani kama maiti isiyozikwa. Nesta alimwambia aikate mipira yake. Enesi alisita, kana kwamba ameambiwa amkate jamaa yake. Kisha akaikata. Akaanza kibao cha mwanamke anayesukuma baiskeli mlimani: mwanamke mdogo, mzigo mkubwa, na chini yao barabara iliyotengenezwa kwa cheni yenyewe iliyogandishwa kwa gundi. Alikifanyia kazi Jumamosi nyingi.

"Hii ikitoka," alimwambia Nesta, "naandika jina langu kubwa. Mwanangu wa Nakonde, ng'ambo ya mpaka, aione asome mwenyewe: Enesi."

"Utaliandika," Nesta alisema. "Kubwa unavyotaka."

Basi mvua zikaja, na pamoja na mvua akaja Efraimu.

Tunduma hii, mtu akishanunua viatu vyenye ncha, kinachofuata ni uenyekiti. Efraimu alikuwa wakala wa forodha, mzee wa kanisa, mwenyekiti wa mambo ambayo hata wanachama wake hawakuyajua. Alikuwa na tumbo la mtu anayekula kwenye vikao, na sauti ya mtu anayedhani kipaza sauti kiko mbele yake siku zote. Alisimama mlangoni kwa Rabson chini ya mwavuli alioshikiwa, akawatazama watu wakiokoa karatasi zilizolowa, akatikisa kichwa kwa huruma. Huruma yenyewe ilikuwa ya kupigiwa picha.

"Mwalimu, sanaa nzuri namna hii, kwenye matope? Jamii inastahili heshima. Nina ukumbi kule mtaa wa Sogea. Una vigae, una taa, una viti. Chukua bure."

"Bure kabisa, mzee?"

"Bure! Mimi ni mtu wa jamii."

Rabson akamnong'oneza Nesta, "Mtu wa jamii amepaki gari lake mbele ya mlango wangu, wateja hawapiti." Lakini karatasi zilikuwa zinalowa kweli, na kibao cha Enesi kilishaanza kuachia gundi pembeni. Nesta akakubali. Ukimuuliza leo atakwambia alikubali kwa sababu ya paa. Ni kweli, na ndiyo maana inamuuma zaidi: hakutongozwa kwa kitu kikubwa, ilikuwa paa tu.

Ukumbi ulikuwa mzuri, hakuna wa kubisha. Vigae vyeupe kama meno ya kununua. Na Jumamosi ya kwanza, wakati wapakiaji wakivua makubazi mlangoni bila hata kuambiwa, waliingia watu wengine wapya waliovaa viatu. Mke wa Efraimu, Ketrina, na mashoga zake wa kwaya. Wafanyabiashara wa maduka ya vipuri. Mwalimu mstaafu aliyekuja na mto wa kukalia. Wote walikuwa wamesikia kwamba kuna mgeni kutoka Dar, wa shirika la utamaduni, atakuja kuangalia. Ghafla kila mtu alikuwa ameipenda sanaa tangu utoto wake.

Nesta hakuwafukuza. Darasa lilikuwa la yeyote. Aliwapanga wawili wawili, mmoja wa zamani na mmoja mpya, akawaeleza utaratibu.

"Mimi nitakuwa wa karatasi," Ketrina alisema haraka. "Ngozi yangu haivumilii wino. Inatoa vipele."

"Mimi pia nina presha," alisema shoga yake, na hakuna aliyejua presha na wino vinakutana wapi.

Hivyo wapya wote wakawa wa karatasi. Picha zikatoka, wakatia majina yao. Nesta akaita, "Badili!"

Wale wa zamani walinyanyuka. Wapya walimtazama Efraimu. Efraimu akainuka kwenye kiti chake cha mbele, kile chenye mikono.

"Mwalimu, samahani. Hapa tuna vigae. Watu wakianza kupishana na mikono ya wino, nani atafuta?"

"Unafutika, mzee."

"Unafutika? Wewe mkono wako haujafutika tangu nikujue!"

Wapya wakacheka mpaka mto wa mwalimu mstaafu ukadondoka. Wa zamani nao wakacheka, ndivyo watu wanavyofanya wakiwa hawana viatu ndani ya nyumba ya mtu. Nesta naye alitabasamu. Hilo tabasamu angelikata kwa mkasi kama angeweza.

"Tufanye hivi," Efraimu akaendelea. "Waliozoea wino wabaki na wino, wasiozoea wabaki na karatasi. Kila mtu na kipaji chake. Na haya maneno ya mkono sijui wa nini, hayana hadhi. Hawa wa karatasi tuwaite Wasanii. Hawa wengine ni Wasaidizi. Tutashonesha fulana."

Fulana zikashonwa kweli. Za Wasanii zilikuwa nyeupe, zina maneno SANAA KWA JAMII kifuani na sura ya Efraimu mgongoni, akitabasamu kama tangazo la dawa ya meno. Za Wasaidizi zilikuwa kahawia, kwa sababu, alisema Ketrina, kahawia haionyeshi uchafu.

Na hapo Nesta alikosea. Alidhani ataingia taratibu, Jumamosi moja atawabadilisha wawili, nyingine wanne, kabla ya mgeni kuja watakuwa wamezoea. Kila Jumamosi alifungua mdomo kusema lile neno lake, akaviangalia vigae, akaufunga. Mvua ilikuwa inapiga bati huko nje. Karatasi zilikauka vizuri sana humo ndani. Na kila iliyokauka ilikuwa na jina la mtu asiyegusa wino.

Enesi alipewa Ketrina. Enesi alikuwa akipaka wino polepole, akipuliza maganda, akipitisha kidole kwenye kila jino la ile cheni. Ketrina alikaa pembeni na simu, akisubiri kuitwa kuweka karatasi, kama bibi harusi anayesubiri kuvishwa.

"Hako kamama ka kwenye picha kanasukuma nini?" aliuliza siku moja.

"Baiskeli, mama."

"Mbona kameinama hivyo? Kanyooshe kidogo. Inatia huzuni."

Enesi hakukanyoosha. Alimwangalia Nesta kwa pembe ya jicho, na Nesta akamwambia kimya kimya, "Subiri. Siku ya mgeni nitasema badili. Jina lako litakuwa juu ya hii."

"Kweli, Mwalimu?"

"Mbele ya mgeni. Hawatakataa mbele ya mgeni."

Siku ya mgeni ukumbi ulipambwa vitambaa vya rangi ya jogoo. Palikuwa na soda kwa Wasanii na maji kwa Wasaidizi. Meza zilipangwa katikati ili mgeni aone kazi ikifanyika, na ukutani zilitundikwa picha, kila moja na jina: Ketrina, Ketrina, jina la mwalimu mstaafu, la muuza vipuri, Ketrina tena. Nesta alizipitia moja baada ya nyingine asubuhi kabla watu hawajajaa. Alikuwa anamjua mkono wa kila mtu. Ile picha ya mbuzi ilikuwa ya kijana wa bodaboda. Ule mzani ulikuwa wa mpakiaji. Alijiona yuko Mbeya tena, anasoma kalenda.

Mgeni alikuwa dada mrefu, mpole, mwenye daftari ambalo hakuliandikia chochote. Efraimu alimzungusha akimshika kiwiko. Alipofika kwenye meza ya Enesi na Ketrina, Enesi alikuwa ndiyo kwanza amemaliza kupaka kile kibao cha baiskeli. Ketrina akalaza karatasi kwa vidole vilivyopakwa rangi ya kucha. Wakasugua juu kwa mgongo wa kijiko, kwa kuwa humo ndani hakuna lori, na kazi ya kusugua alifanya Enesi. Ketrina akafunua.

Watu walisogea karibu. Hata wale waliokuja kwa ajili ya soda. Mwanamke alikuwa pale mlimani, mgongo umekunjwa, na barabara ya cheni ilikuwa inaonekana inamvuta kurudi nyuma.

"Ee Mungu," mgeni akasema. "Hii ni ya nani?"

"Ya mke wangu," Efraimu akajibu.

"Ulipata wapi wazo hili, mama?"

Ketrina aliweka mkono kifuani. "Ni hisia tu. Huwa zinakuja nikiwa peke yangu."

Enesi alikuwa amesimama kando yake, mikono mbele, myeusi mpaka kifundoni, asipate pa kuiweka. Ketrina akaishika penseli.

"Badili!" Nesta alisema.

Alilisema kwa sauti ile ya uani kwa Rabson, iliyozoea kushindana na injini. Wasaidizi ukumbi mzima wakashtuka, na kabla hawajafikiri mikono yao ilikuwa tayari kwenye vitambaa vya mafuta ya taa, inafuta. Mazoea ni mazoea. Wasanii hawakusogea. Mmoja alificha mikono chini ya meza. Mwalimu mstaafu akaikalia yake juu ya mto.

"Mwalimu, siyo leo jamani," Ketrina alisema. "Nimevaa kitenge kipya."

Efraimu alicheka kwenye kipaza sauti. "Ni utani wa mwalimu wetu, mgeni. Wasanii wana utani mwingi."

"Siyo utani. Ketrina, weka penseli chini. Enesi, mikono yako imetakata. Andika jina lako. Kubwa."

Enesi aliitazama mikono yake. Ilikuwa imetakata kweli, inanuka mafuta ya taa. Akaitazama penseli. Hapo Efraimu akaweka kipaza sauti chini, akamsogelea, akaongea taratibu kama baba.

"Enesi, mama. Unakumbuka tulivyoongea kuhusu kile kibanda cha sokoni? Karibu na mlango, usisukume tena baiskeli za watu na hilo goti?"

Nesta hakuwa na habari ya kibanda chochote. Alimwangalia Enesi, na Enesi akainamisha uso.

"Acha tu, Mwalimu," Enesi alisema. "Likiandikwa la mama, si sawa tu. Picha si ni ile ile?"

Nesta alihisi kama amepigwa kofi na mtu wa zamani. Maneno yale yale, safari hii yametoka kwenye mdomo aliokuwa anaupigania. Alitaka kumkasirikia Enesi, hasira ikakosa pa kukaa. Goti lile alikuwa amelikanda mwenyewe kwa mafuta ya mbono. Anayestahili hasira ni nani? Yeye ndiye aliyeweka sheria kwamba jina ni la mkono safi. Yeye ndiye aliyefunga mdomo Jumamosi baada ya Jumamosi kwa kuogopa vigae.

Efraimu alikuwa amenyooka tena, uso umemeremeta. Ushindi ulimkaa kama suti mpya. "Umeona, Mwalimu? Wenyewe hawana shida. Shida unayo wewe." Kisha, kwa kuwa mgeni alikuwa anatazama na kijana wa kamera alikuwa amesogea, akapanua mikono. "Lakini sisi ni familia moja! Njoo tushikane mikono, mgeni aone."

Akatoa mkono, vidole viwili mbele, tayari kupokea kifundo.

Nesta alikuwa amesimama karibu na sahani ya wino. Alikiweka kiganja chake cha kulia humo, chote, akakigeuza, kama mtu anayechovya kipande cha ugali kwenye mchuzi wa nyumba ya mchoyo. Akaenda kwa Efraimu. Hakukunja vidole. Alimpa kiganja kizima, akaushika mkono ule laini, akaukaza, akautikisa vizuri kama watu wanaoheshimiana, na kamera ikapiga.

"Badili, mzee," alimwambia. "Sasa wewe ndiye wa wino."

Akamwachia. Efraimu alibaki ameunyoosha mkono mbali na mwili wake, akiutazama kama umeletwa na mtu mwingine. Kipaza sauti hakuweza kukishika. Kitambaa cha jasho kilikuwa kwenye mfuko wa suruali nyeupe, upande ule ule. Alimpungia Ketrina amsaidie, na Ketrina, mke wake wa ndoa ya kanisani, alirudi nyuma hatua akikinga kitenge.

"Usinisogelee!"

Mtu alicheka nyuma huko, kwenye fulana za kahawia. Kicheko kimoja tu, kikamezwa.

Nesta alivua aproni akaiweka mezani. Alichukua rola yake, ile ya Mbeya, kwa kuwa ndiyo pekee iliyokuwa yake humo ndani. Alivaa viatu vyake vilivyokuwa mlango wa nyuma wa Wasaidizi, akavuka ukumbi mpaka mlango wa mbele, ule wa Wasanii, na kwenye vigae viliacha alama ya tope la Sogea moja baada ya nyingine mpaka kizingitini. Nje malori yalikuwa yamesimama kama kawaida. Rabson, aliyekuja mpaka mlangoni kutazama shughuli, lakini hakuingia kwa sababu ya ovaroli, alimwita, "Mwalimu! Wapi sasa?" Nesta alimwonyesha kwa kidevu upande wa stendi, kwenye magari ya Itumba, anakoishi Faith.

"Na Jumamosi?"

"Waulize wasafi."

Jumamosi Wasanii walikuja wote. Efraimu alikuwa amewaambia mwalimu amekasirika kidogo, atarudi, watu wa namna ile wakikaa na njaa wanarudi. Ketrina alipewa kiti cha mwalimu. Karatasi ziliwekwa mezani, nyeupe, zimenyooka, na penseli zimechongwa. Wasaidizi hawakutokea, wapakiaji walisema wana mizigo, na Enesi alisema goti linamsumbua. Kibanda chake anakisubiri mpaka leo. Sahani ya wino ilikuwa katikati ya meza, na kila mmoja alimtazama mwenzake kuona nani ataingiza mkono. Hakuna aliyeingiza. Walikaa hivyo mpaka wino ukaota ngozi juu, wakanywa soda, wakasali, wakaondoka.

Nesta hakurudi.